Chanda Chema Huvikwa Pete: Historia ya Kumtuza Mtumishi wa Jiji

Utangulizi

Aghalabu tunapotaja utamaduni wa taifa, fikra za wengi hukimbilia ngoma, nyimbo, mashairi, vinyago na mavazi. Hayo yote ni utamaduni, na hapana mtu awezaye kuyakana. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyofanya kazi, namna wanavyogawana matunda ya kazi hiyo, na namna wanavyomtambua yule aliyeifanya vema kuliko wenziwe. Taifa hujulikana kwa watu linaowaheshimu, na hujulikana zaidi kwa watu linaosahau kuwaheshimu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya desturi moja ambayo kila mwanafunzi ameishuhudia bila ya kuifikiria sana, nayo ni desturi ya kumtuza mtumishi hodari katika idara ya serikali ya mji. Tumeichagua Dar es Salaam kwa kuwa ndio mji mkubwa kuliko yote nchini, na ndani yake tumeichagua kazi ya afya na usafi kwa kuwa ndiyo inayoonyesha wazi ugumu wa jambo lenyewe. Mwimbaji akiimba vizuri husikika, na seremala akitengeneza mlango mzuri mlango huonekana. Bali mfagiaji akifagia vizuri hakuna kinachoonekana isipokuwa njia tupu. Bwana Afya akizuia maradhi yasiingie mtaani, hakuna mgonjwa wa kuonyeshwa. Je, jamii itamtuza vipi mtu ambaye ushindi wake ni jambo baya lisilotokea? Hilo ndilo swali litakalotuongoza tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuzo katika jadi zetu

Desturi ya kutuza hatukuletewa na wageni. Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete, wakasema pia kwamba mcheza kwao hutuzwa. Katika ngoma za pwani, mchezaji au mwimbaji aliyezigusa nyoyo za watu alifuatwa pale pale uwanjani akapewa fedha, leso au kitu kingine, huku watu wakitazama na vigelegele vikipigwa. Bara nako, katika kazi za ujima, mwenye shamba aliwaandalia chakula na pombe wale waliokuja kumlimia, na aliyewatangulia wenzake kwa jembe alitajwa kwa jina na kusifiwa mbele ya wote.

Tukiichunguza desturi hii tutaona mambo matatu ndani yake. La kwanza, tuzo ilitolewa hadharani. La pili, ilitolewa papo hapo, kazi ingali mbichi machoni mwa watu. La tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, ilitolewa na wale walionufaika na kazi yenyewe, wala haikutoka kwa bwana aliyeketi mbali. Aliyetuza alikuwa ameicheza ngoma ile au ameyala mazao ya shamba lile.

Lugha yetu pia ina fundisho lake. Wako wasemao "mcheza kwao hutuzwa" na wako wasemao "hutunzwa", na wote wamesema sawa, kwa maana neno kutunza katika Kiswahili lina maana mbili: kumpa mtu zawadi kwa kazi yake, na kumlinda mtu au kitu kisiharibike. Wazee hawakuona haja ya kuzitenga maana hizo kwa maneno mawili. Tutaona mbele kwamba matatizo mengi ya tuzo za siku hizi yametokana na kuzitenga.

Hata hivyo wahenga hao hao walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nao walikuwa na hoja. Sifa isiyopimwa humlevya anayesifiwa na kuwavunja moyo wenziwe. Hivyo basi jadi zetu hazikutuachia amri moja tu ya kusifu. Zilituachia mizani yenye pande mbili, na kila kizazi kimelazimika kuipima upya kwa kazi za wakati wake.

Mji wa mkoloni na watumishi wake

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia huko makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, na mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakauteka. Chini ya tawala hizo mbili mji uligawanywa kwa rangi za watu. Palikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uwatenge Waafrika na wengine. Mgawanyo huo ulielezwa kuwa ni wa afya. Mkoloni alidai kwamba anaogopa maradhi, lakini badala ya kuyaondoa maradhi Uswahilini alijitenga nayo. Mifereji, taa na mabomba ya maji vilitangulia kufika Uzunguni, nazo nyumba za udongo na makuti zikaachiwa madimbwi yake.

Mikono iliyousafisha mji huo ilikuwa ya Waafrika. Wao ndio waliozoa taka, waliofagia barabara, waliosafisha vyoo, waliozibua mitaro na kufukia madimbwi yaliyozaa mbu. Mtu aliyesafisha vyoo aliitwa topasi, neno lililotoka Bara Hindi, na kila aliyekulia katika miji yetu ya zamani anajua kwamba jina hilo halikutamkwa kwa heshima. Hapa tunaona jambo la kusikitisha: mkoloni aliidharau kazi hiyo, nasi wenyewe tukaiga dharau hiyo tukaifanya yetu.

Sheria nayo haikumtambua mtumishi huyo kama mtu wa kuheshimiwa. Sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyeacha kazi bila ya ruhusa aweze kushtakiwa kama mhalifu. Karatasi aliyoijua zaidi ni kipande, alichotiwa alama kwa siku alizofanya kazi, wala si cheti cha sifa. Nishani zilikuwapo, lakini zilielekezwa zaidi kwa machifu, askari na makarani waliouweka utawala imara. Kwa maneno mengine, mkoloni alituza utii. Kazi iliyowanufaisha wakazi wa mji haikuwa kipimo chake.

Mfano mmoja ungali umesimama hadi leo katikati ya Jiji, katika Mtaa wa Samora. Ni ile sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi waliokufa katika vita hiyo kwa njaa, maradhi na uchovu walikuwa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na jeshi lao la wabeba mizigo. Lakini tukiitazama sanamu hiyo tunaona askari mwenye bunduki. Mpagazi mwenye mzigo kichwani hakusimamishwa juu ya jiwe lile. Tena mishahara ya wengi waliokufa haikufika kamwe mikononi mwa jamaa zao. Shaba ilipatikana ya kuwasifu, fedha yao wenyewe haikupatikana ya kuwalipa. Wanafunzi wanaopita hapo wanapaswa kuisoma sanamu hiyo kama ukurasa wa historia, kwani inatufundisha kwamba sifa inaweza kutolewa mahali pa haki.

Heshima waliyojitafutia wenyewe

Isidhaniwe kwamba wafanyakazi walikaa kimya wakisubiri kusifiwa. Binadamu akinyimwa heshima mahali pa kazi huitafuta mahali pengine. Katika miji ya pwani, Dar es Salaam ikiwa mojawapo, vyama vya ngoma ya beni vilistawi baada ya vita, hususan Marini na Arinoti. Marini ilikuwa na sifa ya kuwakusanya wenye elimu na vyeo, na Arinoti iliwavuta zaidi watu wa chini na wageni kutoka bara. Ndani ya vyama hivyo wanachama walivaa sare, walipandishwa vyeo na kupewa majina makubwa ya kijeshi na ya kiserikali. Mtu aliyeitwa "boi" mchana kutwa aliweza kuwa mkuu usiku, akapigiwa saluti na wenzake.

Wako walioucheka mchezo huo wakisema ni kuiga Wazungu. Sisi tunaona kwamba ndani yake mlikuwa na dai zito. Wafanyakazi wale walikuwa wakisema kwamba nidhamu yao, uaminifu wao na ujuzi wao vinastahili cheo, na kwamba kama serikali ya mji haikitoi, wao watajipa wenyewe. Hapo jadi ya kutuza, hadharani na kutoka kwa wenzi, ilipata makao mapya mjini.

Dai hilo lilipata pia sauti ya chama. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Miaka ya baadaye makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mwaka 1939, mwaka 1943, na tena mwaka 1947, ambapo mgomo ulienea nje ya bandari na kufuata njia ya reli. Mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, na Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa akiongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, akawa Katibu Mkuu wake. Ujira ulikuwa katika madai yao, lakini nyuma ya ujira lilikuwapo dai la kuitwa kwa jina, la kutotukanwa, na la kutazamwa kama mtu mwenye kazi.

Uhuru na Kazi

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na Desemba 1961, siku zile zile za Uhuru, ikapewa hadhi ya Jiji. Tangu mwaka 1960 Meya wake alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Ni jambo lenye maana katika mkusanyiko kama huu kwamba Meya huyo alikuwa mshairi, na kwamba kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi ndicho kilichowafunza wengi kanuni za mizani na vina. Mtu aliyezilinda kanuni za lugha alikabidhiwa pia ulinzi wa mitaro na masoko. Hapana ushahidi bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba utamaduni na usafi wa mji ni mambo ya nyumba moja.

Wito wa TANU ulikuwa Uhuru na Kazi. Wito huo ulibadilisha maana ya mfanyakazi: aliyekuwa mtumishi wa bwana akawa mjenga taifa. Mwaka 1964 ikaundwa NUTA kuwa chama kimoja cha wafanyakazi, na sikukuu ya Mei Mosi ikawa siku kubwa ya kitaifa. Sikukuu hiyo asili yake ni mapambano ya wafanyakazi wa Chicago, Marekani, waliogoma mwaka 1886 wakidai kazi ya saa nane kwa siku. Mkutano wa Paris wa mwaka 1889 ndio ulioamua iadhimishwe kila mahali. Kwetu ilipata sura yetu wenyewe. Wafanyakazi wa kila idara hupita mbele ya mgeni rasmi wakiwa na mabango yao, wengine juu ya magari ya kazi, kisha wafanyakazi bora huitwa mmoja mmoja kupokea cheti na zawadi, iwe ni fedha, redio, baiskeli au bati za kuezekea nyumba.

Msomaji atambue kwamba sura hiyo inafanana sana na uwanja wa ngoma tulioueleza mwanzo. Hadhara ipo, jina linatajwa, vigelegele vinapigwa. Kwa hiyo Mei Mosi yetu ni jadi ya zamani iliyovaa nguo za kiwandani na ofisini. Lakini yale mambo mengine mawili yamebadilika. Tuzo haitolewi tena papo hapo, bali mara moja kwa mwaka. Wala haitolewi na walionufaika, bali hutolewa na idara, mara nyingine kwa kura ya wafanyakazi, mara nyingine kwa uamuzi wa kikao cha wakuu. Mama wa Magomeni au Temeke ambaye mtaro wa mbele ya nyumba yake umezibuliwa hana kura katika uchaguzi huo.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulijaribu kuligusa tatizo hili kutoka upande mwingine, kwa kukemea majivuno, dharau na ubwana wa viongozi mahali pa kazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na maradhi. Wengi walichimba vyoo, wakafyeka nyasi karibu na nyumba, wakafukia madimbwi. Kampeni hiyo ilikuwa na faida ambayo haisemwi mara nyingi: ilimfanya mwananchi wa kawaida aifanye kwa mikono yake kazi ya topasi na ya Bwana Afya. Aliyekwisha kuchimba choo hawezi tena kumdharau kwa urahisi anayekisafisha.

Thamani ilipojulikana kwa kukosekana

Katika mpango wa Madaraka Mikoani, kati ya mwaka 1972 na 1974, Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya na za miji. Nia yake ilikuwa njema, kwani ilikusudia kupeleka uwezo wa serikali karibu na wananchi wa mikoani. Lakini miji ilipoteza chombo chake cha kuitunza. Mitaro iliziba, taka zikarundikana na barabara zikachakaa. Mwaka 1977 kipindupindu kililipuka Rufiji na kuenea katika mikoa mingine, Dar es Salaam nayo isisalimike. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuzirejesha halmashauri za miji, na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zikaukamilisha urejesho huo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunjwa kwa serikali za mitaa lilikuwa miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia.

Wanahistoria hulitumia tukio hili kueleza mambo ya utawala. Sisi tunalitumia kwa jambo jingine. Hapo ndipo swali letu la mwanzo lilipojibiwa kwa njia ya uchungu. Kazi ambayo matunda yake hayaonekani ilionekana ilipokosekana. Mtu aliyepita kila siku penye mtaro ulio wazi bila ya kumfikiria aliyeuzibua alianza kumfikiria siku maji machafu yalipoingia nyumbani. Lakini jamii ikisubiri maradhi ndipo itambue thamani ya mtumishi wa afya, itakuwa imeilipia elimu hiyo kwa maisha ya watu. Ni heri tutafute njia ya kuiona kazi hiyo ingali inafanyika.

Mji ukakua, orodha ikapungua

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090 katika sensa ya mwaka 1978. Mwaka 1988 walikuwa 1,360,850, mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Kila mtu ni ndoo ya maji machafu na mfuko wa taka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni sehemu ndogo sana ya taka za Jiji iliyokuwa ikizolewa, na wakazi wa Tabata walikwisha kwenda mahakamani kupinga kumwagwa kwa taka katika eneo lao, wakapata haki yao. Kuanzia mwaka 1994 kazi ya uzoaji ilianza kukabidhiwa makampuni binafsi, na baadaye vikundi vya wananchi navyo vikapewa maeneo. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996 na kuwekwa Tume. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke, na baadaye Ubungo na Kigamboni. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa tena, nayo Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam.

Mabadiliko haya yana matokeo ambayo mara nyingi hayaonekani. Wafagiaji wengi wa barabara za Jiji, na wengi wao ni wanawake, hawamo tena katika orodha ya watumishi wa halmashauri. Wameajiriwa na mkandarasi au na kikundi. Huamka kabla ya alfajiri, hufagia barabara ya serikali kwa ajili ya wakazi wa mji, lakini Mei Mosi inapofika idara haiwezi kumchagua mtu asiyekuwa katika daftari lake. Kwa hiyo desturi yetu ya kutuza imebaki pale pale, bali wanaofanya kazi ngumu zaidi wametoka nje ya mipaka yake.

Mfano mwingine ni vita dhidi ya malaria. Mwaka 2004 manispaa tatu za Dar es Salaam zilianza mpango wa kupambana na mbu katika kata 15 zenye watu zaidi ya 600,000. Vijana na watu wazima waliochaguliwa katika mitaa yao wenyewe waligawiwa maeneo, na kila juma walipita wakitafuta viluwiluwi katika madimbwi, mitaro, matuta ya bustani, mashimo ya ujenzi na matairi yaliyotupwa. Kuanzia mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kutiwa katika kata tatu za kwanza, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba maambukizo ya malaria yalikuwa yamepungua. Watu hao walilipwa posho ya kibarua. Kikwazo chao kimojawapo kilikuwa nyua zilizozungushiwa kuta, ambako walibisha hodi na mara nyingine wasifunguliwe.

Tuutazame mlango huo uliofungwa. Aliye nje amebeba upawa wa kuchotea maji ya dimbwi na daftari la kuandikia alichokiona. Aliye ndani ana mtoto ambaye huenda asiugue kwa sababu ya mtu huyo. Kati yao hapana cheti wala zawadi. Kumfungulia mlango ilikuwa ndiyo heshima ya kwanza ambayo mkazi angeweza kumpa, nayo isingemgharimu senti moja.

Kupima na kutuza

Yapo malalamiko mawili yanayosikika kila mwaka kuhusu tuzo za wafanyakazi bora. La kwanza ni upendeleo: kwamba hutuzwa anayeketi karibu na mkubwa, au kwamba watu wa ofisi moja hupeana zamu, mwaka huu wewe, mwakani yeye. La pili ni kwamba zawadi hufunika haki: idara humpa mtu mmoja redio mbele ya watu, huku wengine wote wakidai malimbikizo ya mishahara kimyakimya. Malalamiko yote mawili yana uzito, na asiyeyasikia hajakaa na wafanyakazi.

Kwa muda mrefu utumishi wa umma ulimpima mtu kwa taarifa ya siri. Mkubwa aliandika juu ya mdogo wake, na mdogo hakujua kilichoandikwa. Kuanzia mwaka 2004 ukaletwa mfumo wa wazi, ambamo mtumishi na msimamizi wake walipatana malengo mwanzoni mwa mwaka, kisha wakayapima pamoja. Kwa upande wa jadi zetu hatua hiyo ilikuwa ya kurudi nyumbani, kwa kuwa uwanja wa ngoma haukujua siri. Lakini mfumo wowote wa kujaza fomu humfaa zaidi yule ambaye kazi yake inahesabika. Karani ataandika idadi ya barua. Je, Bwana Afya ataandika idadi ya watu ambao hawakuugua? Hapo ndipo linapohitajika daftari la namna nyingine: la mitaro iliyozibuliwa kwa wakati, la migahawa iliyokaguliwa ikarekebishwa, la mitaa iliyopita masika mzima bila ya kuhara kuenea. Anayetaka kuiona kazi isiyoonekana hana budi kuiandika kila siku, kwani kumbukumbu ya mwaka mmoja humkumbuka msemaji na kumsahau mtendaji.

Kuhusu lalamiko la pili, tunarudi kwenye lugha yetu. Kutunza ni kuzawadia na ni kulinda. Mzoa taka anayepewa cheti bila ya glovu na viatu vya mpira ametuzwa nusu. Mtumishi aliyesifiwa miaka thelathini, kisha akazungushwa ofisi kwa ofisi akitafuta kiinua mgongo chake kwa kuwa jalada lake halionekani, amesifiwa kwa mdomo na kusahauliwa kwa kalamu. Hatofautiani sana na yule mpagazi ambaye jina la jeshi lake limebaki sokoni na mshahara wake haukufika nyumbani. Kinyume chake, hatuwezi kusema kwamba malipo pekee yanatosha. Walioanzisha beni walitufundisha kwamba mtu hali ujira tu. Hutaka pia jina lake litajwe. Haki na sifa ni kama mkono wa kulia na wa kushoto, hunawishana.

Nalo onyo la mgema? Linabaki palepale, ila tuliangalie vizuri. Mgema wa methali ile alisifiwa na wanywaji wa siku moja, bila ya mtu kuonja kwa uangalifu siku zilizofuata. Kosa halikuwa sifa, lilikuwa kukoma kwa kuonja. Tuzo inayofuatwa na kipimo cha kila mwaka haimlevyi mtu, bali humwongezea wajibu.

Hitimisho

Tumeona kwamba desturi ya kutuza ilikuwapo kabla ya miji ya kikoloni, na kwamba nguvu yake ilikuwa katika hadhara, katika wakati, na katika mikono ya walionufaika. Mkoloni aliigeuza ikawa malipo ya utii. Wafanyakazi waliilinda katika ngoma na katika vyama vyao. Uhuru uliirudisha uwanjani kwa jina la Mei Mosi, lakini miji ilipokua na ajira zilipobadilika, wengi wa wanaoustahili mkono wake wameachwa nje ya uwanja.

Kazi inayobaki si ya Serikali peke yake. Halmashauri zinaweza kuandika katika mikataba ya usafi kwamba mfagiaji wa mkandarasi naye ana vifaa, ana bima na ana nafasi ya kutajwa. Mitaa inaweza kupewa sauti katika kumchagua mtumishi bora wa afya, ili tuzo irudi mikononi mwa waliofaidika. Nazo shule zina sehemu yake. Tunawashauri walimu wa historia wawatume wanafunzi wao waende kwa wazee waliostaafu kutoka idara za afya na usafi za miji yao, wawahoji kwa adabu, na waandike walichofanya: mitaro waliyoichimba, maradhi waliyoyazuia, masoko waliyoyasafisha. Historia ya magavana na mameya imekwisha kuandikwa. Ya topasi bado, na wanaoijua wanazeeka. Tuwaendee wakati wangali na sauti ya kuisimulia, maana pete huvikwa chanda kilicho hai.